Kamati ya Kitabu cha Maiti

Kuna kitabu kimoja ambacho ningependa kila kijana akisome, ila tatizo ni kwamba sijui kinaitwaje. Nilikinunua Kasese, karibu na stesheni ya reli, kwa mtu aliyeuza kufuli, miwani na vitabu ambavyo abiria walivisahau kwenye mabehewa. Jalada lilikuwa limebanduka pamoja na karatasi ya mwanzo, kwa hiyo jina la kitabu na jina la aliyekiandika vilikuwa vimepotea zamani. Kilichobaki kilianza moja kwa moja na maiti.

Ilikuwa miaka ya sitini inaelekea mwisho. Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule ya parokia, Bwera, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Kyarumba huko mlimani. Siku hiyo nilikuwa nimetumwa Kasese kuchukua chaki. Nilikifungua kitabu ndani ya basi kabla halijaondoka. Pale Kikorongo tembo waliziba barabara na abiria wote wakasimama kuwatazama. Mimi nilifurahi kwamba basi limeacha kutikisika. Niliposhuka Bwera niliacha chaki yote chini ya kiti, na utingo akailetea shule kesho yake pamoja na maneno.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Katika mji mdogo wa kando ya ziwa, mlinzi wa ghala la chumvi anakutwa amekufa ndani ya ghala, na mlango umefungwa kwa nje kwa kufuli jipya. Polisi wanamkamata mtu wa kwanza wasiyemjua. Binti wa miaka kumi na mitano, mtoto wa fundi wa kivuko, anaona jambo kuhusu lile kufuli ambalo wakubwa hawakuliona. Anawaambia, hawamsikilizi. Basi anaanza kuuliza mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila anayemwuliza anamdanganya kidogo, kila mmoja kwa sababu yake, wakati mwuaji ni mmoja tu. Kila sura inaishia mahali ambapo huwezi kukiweka kitabu chini hata kama maharagwe yanaungua. Yangu yaliungua.

Wanafunzi wangu walikuwa mchanganyiko, Wakonzo wa huku na watoto wa watu waliovuka kutoka upande wa Beni na Butembo, na Kiswahili, kila mtu kwa namna yake, ndicho kilichowaunganisha. Wengi walisoma kwa kuogopa kiboko. Nikaona hiki watakisoma bila kusukumwa. Nikaenda kwa padri kuomba kiwekwe kwenye kabati la vitabu vya vijana.

Padri alikipekua akiwa amesimama.

"Mwalimu, ukurasa wa kwanza una maiti."

"Ndiyo, padri."

"Na wa pili?"

"Bado ipo."

Nilimwambia kwamba hata ibada ya Ijumaa Kuu ina kifo. Akajibu kwamba pale hakuna anayekaa akijiuliza nani alihusika. Halafu akasema hawezi kukubali wala kukataa peke yake, maana wazazi watamjia, na kwamba ataunda kamati. Kamati isikilize kitabu chote, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, kisha iseme kama kinawafaa vijana. Mimi nitasoma kwa sauti.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa katekista, mkulima wa kahawa kutoka Mahango, mrefu, mwenye kusema polepole. Hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na kwa sababu hiyo watu walimkwepa sokoni. Wa pili alikuwa mjane aliyeuza samaki wa chumvi, kiongozi wa akina mama wa parokia, mwanamke mnene wa mabega ambaye hata padri alimsalimia kwanza. Wa tatu alikuwa mwuza vitenge, Mkongo wa upande wa Butembo, aliyevuka na binti yake mmoja wakati wa vurugu za huko baada ya mkewe kufa. Padri alimweka ili watu wa ng'ambo nao wawe na mtu wao. Huyo binti alikuwa darasani kwangu. Kibanda cha vitenge kilitazamana na kibanda cha samaki, na wenyewe walikuwa wamenuniana kwa muda mrefu, kwa sababu mwuza vitenge alidai nguo zake zinanuka kabla hazijanunuliwa.

Jumapili ya kwanza tulikaa katika darasa la wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Katekista akasali kwa kifupi, nikaanza na maiti. Walisikiliza vizuri. Baada ya kurasa chache akaingia mtu mpya katika hadithi, mwuza nguo kutoka nchi jirani, aliyeshuka kwenye kivuko jioni ya kuamkia mauaji.

Mwuza vitenge akainua mkono.

"Mademwazeli, simama kidogo. Ile mutu inatoka wapi?"

"Kitabu kinasema nchi jirani."

"Jirani gani?"

"Hakikutaja."

"Na iko anauza nini?"

"Nguo."

"Bon." Alifunga mikono kifuani. "Basi minajua. Ni yeye. Mwenye kuandika alishamaliza kazi yake, sisi tuko tunapoteza Jumapili."

Katekista akamkumbusha kwamba hatukuitwa kutafuta mwuaji, tumeitwa kutazama maadili.

"Maadili itaonekana tukijua nani ameua," mjane akasema. "Na mimi naona ni ile dresa ya zahanati."

Dresa alikuwa ametajwa mara moja tu, akifunga kidonda cha mtoto. Nilimwuliza mjane kwa nini.

"Anacheka mbele ya kuongea."

Jumapili ya pili mwuza vitenge alikuja amevaa koti jeusi, la namna ya harusi, na tai. Ya tatu vilevile. Alikaa mbele kabisa, amenyooka, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Katika kitabu mwuza nguo alikuwa ameshatiwa ndani, na kila polisi walipomwuliza usiku ule alikuwa wapi, alinyamaza. Jambo hili lilimuumiza vibaya mwuza vitenge wetu. Siku moja alisimama akakisemesha kitabu nilichokishika, kana kwamba yule mtu yuko nyuma ya karatasi.

"Sema, weye! Sema tu ulikuwa wapi! Unanyamaza juu ya nini?"

"Keti, ndugu," katekista akamwambia. "Hakusikii."

"Bananyonga yeye, mwenyekiti! Na juu ya kinywa yake mwenyewe!"

Tulikubaliana kwamba hakuna wa kuchungulia mbele. Ili kuondoa kishawishi, kitabu kilifungiwa sakristia, nyuma ya altare, na ufunguo ukakaa kwa padri. Mpango ulikwenda vizuri, isipokuwa kwamba siku moja, akinikabidhi kitabu, padri alitikisa kichwa akasema yule binti hakupaswa kuingia ghalani peke yake. Hatukuwa tumefika huko. Nilipofungua mdomo akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea.

Tulikuwa tumevuka nusu ya kitabu wakati duka moja la nguo kwenye njia ya kwenda Mpondwe lilipovunjwa. Vitenge vyote vizuri vilichukuliwa. Polisi wa kituo chetu walikuwa wachache na hawakupenda kutembea, kwa hiyo walianza na aliye karibu. Walimkuta mwuza vitenge kibandani asubuhi, amechoka, macho mekundu, na jirani mmoja akasema usiku kucha hakuwa nyumbani.

Walimwuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa anatembea.

Wakamtia ndani.

Sisi wa kamati tulijua alikuwa wapi. Alikuwa ng'ambo ya mto Lhubiriha, ulio mpaka na Kongo, kuchukua vitenge vyake mwenyewe kwa njia ambayo haikupita forodha. Nusu ya soko ilipata bidhaa hivyo. Lakini kumwambia polisi ilikuwa ni kumtoa katika kesi moja na kumwingiza katika nyingine, tena kwa hiyo ya pili angefukuzwa nchini pamoja na mtoto wake. Binti yake alikuja shuleni siku hiyo kama kawaida, akakaa mahali pake, akaandika kila nilichoandika ubaoni. Watoto wengine walimpa nafasi kubwa kwenye benchi. Jioni nilimpelekea chakula, nikamkuta mjane ameshatangulia, anamkaripia kwa sababu hakuwa amekula.

Jumapili tulikutana watatu. Nilifungua kitabu.

"Funga," mjane akasema. "Hatusomi. Mtu wa kamati iko ndani."

Katekista alifikiri, akasema ni kweli, akidi haijatimia. Mjane akasema yeye hajui akidi, anajua njia ya kituo cha polisi. Tukaondoka vilevile, mimi na kitabu mkononi, maana sakristia ilikuwa imefungwa.

Pale kituoni palikuwa na koplo mmoja, nyuma ya meza, anakula ndizi.

"Nyinyi nani?"

"Sisi ni kamati," katekista akasema.

"Kamati ya nini?"

"Ya kitabu."

"Kitabu gani?"

"Ya maiti," mjane akasema.

Koplo akaweka ndizi chini. "Maiti gani? Iko wapi?"

Kumweleza kwamba maiti hiyo haiko mahali popote kulichukua muda, na nadhani hakusadiki kabisa, maana alikichukua kitabu akakitikisa. Mwishowe akauliza tunataka nini. Katekista akasema tumekuja kwa ajili ya ndugu yetu, ambaye hakuvunja duka.

"Wewe unajua alikuwa wapi?"

Katekista alisimama wima, kofia mikononi. Angeweza kusema hajui. Mtu yeyote mwingine angesema hajui.

"Najua," akasema.

"Wapi?"

Katekista akafungua mdomo. Nilitazama chini. Niliwaza juu ya binti darasani kwangu, juu ya lori litakalompeleka mpakani na godoro lake, na nikasikia sauti ya mjane, si kubwa, ile sauti anayotumia kumtajia mteja bei ya mwisho.

"Alikuwa kwangu."

Koplo akageuka. "Kwako wapi?"

"Nyumbani."

"Saa ngapi?"

"Usiku yote."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Wewe una mke?"

"Niko naye."

"Basi usiniulize ya watoto."

Koplo akacheka, kisha akakumbuka kwamba yuko kazini. Akamgeukia katekista.

"Mzee, ni kweli hii?"

Katekista alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Mimi," alisema polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "siwezi kuapa juu ya mambo ya ndani ya nyumba ya mjane."

Na hilo lilikuwa kweli.

Wakamleta mwuza vitenge. Alikuwa bila viatu wala mkanda. Koplo akamwuliza tena usiku ule alikuwa wapi.

"Minatembea."

"Ulitembea mpaka wapi?"

Mwuza vitenge alitutazama mmoja mmoja bila kuelewa. Mjane akamkazia macho, kama anavyomkazia mteja anayebonyeza samaki kwa kidole. Ilichukua muda. Halafu nikaona amefahamu, na nikaona kwamba kufahamu kumemuumiza kuliko kufungwa.

"Mupaka kwa mama huyu," akasema, kwa sauti ambayo ilisikika kwa shida.

"Toka," koplo akasema. "Na ukitembea tena, tembea karibu."

Tulirudi kwa miguu, wanne. Njia panda ya soko mwuza vitenge akaanza, "Mama, mimi—"

"Usiniangalie," mjane akamwambia, akaendelea na njia yake.

Habari ilikuwa imetutangulia. Kesho yake soko lilijaa watu ambao hawakuhitaji samaki wala vitenge. Walisimama katikati ya vile vibanda viwili, wakatazama huku, wakatazama kule. Mjane aliuza samaki wake wote kabla ya saa sita, kwa sababu mtu haoni vizuri bila kununua kitu. Vijana walitunga wimbo. Mstari mmoja ulihusu chumvi, na mingine sitaitaja.

Hayo aliyacheka. Lililomchoma ni hili: akina mama wa parokia walikutana bila yeye, wakamvua uongozi. Walimtuma mwanamke mdogo kuliko wote kwenda kuchukua sufuria kubwa za chama na kitambaa cha buluu ambacho kiongozi hujifunga siku za maandamano. Nilikuwapo kwake siku hiyo. Mjane alikunja kitambaa, akakipigia pasi tena ingawa kilikuwa kimepigwa, akakikabidhi. Mwanamke mdogo alipoondoka, mjane alikaa juu ya kigoda akatazama mahali sufuria zilipokuwa. Pale ukutani palikuwa na masizi ya miaka mingi.

"Ningewaambia," nikasema.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba hukufanya."

"Ukiwaambia wao, umeambia koplo. Mmoja wao ni mke yake."

Katekista naye alikonda. Alikuja kwangu kuuliza kama kunyamaza ni uongo. Nikasema mimi ni mwalimu wa hesabu na historia. Akasema amefundisha watu ubatizo tangu ujana wake na hakujua kwamba kufunga mdomo nako ni kazi ya mwili, kwamba usiku meno yanamuuma.

Tulitegemea padri atavunja kamati. Kamati ya kulinda maadili ya vijana sasa ilikuwa ndiyo jambo pekee ambalo vijana walizungumza. Mjane alikwenda kuungama, akakaa ndani muda mrefu kuliko kawaida, akatoka uso mkavu. Jumapili iliyofuata, mwisho wa misa, padri alitangaza sadaka ya mavuno, tangazo la ndoa moja, na kwamba kamati ya kitabu itaendelea na wajumbe wake wote walewale, ambao yeye ana imani nao. Kanisa likaguna. Padri akasubiri mguno uishe, akatoa baraka.

Tukaendelea. Mwuza vitenge alirudi na koti lake, lakini sasa alikaa nyuma. Hakuuliza swali. Nilipofika mahali ambapo yule mwuza nguo anaulizwa tena na tena alikuwa wapi, na ananyamaza, nilisoma haraka bila kutazama upande wowote.

Siku ya mwisho nilisoma mpaka sauti ikakauka. Kufuli likaeleweka. Binti akaingia ghalani, na padri alisema kweli, hakupaswa kwenda peke yake. Mwuaji akajulikana. Kama alikuwa dresa au hakuwa dresa sitasema, maana inawezekana nakala nyingine ipo mahali fulani na kuna mtu hajaisoma. Nitasema tu kwamba mwuza nguo aliachiliwa. Usiku ule alikuwa ziwani, anavusha tumbaku, ingawa binti alipomwuliza mwanzoni alimwambia alikuwa amelala.

"Mademwazeli," sauti ikatoka nyuma. "Soma tena pale."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo hakuua."

"Hakuua."

"Lakini alidanganya."

"Alidanganya."

Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya magoti.

"Njo vile," alisema. "Mutu anaweza kudanganya na hakuua. Iko watu wa kutosha hawajui ile."

Mjane alikuwa anatafuta kitu kwenye kikapu chake ambacho, kwa nilivyoona, kilikuwa kitupu.

Katekista alisimama kutoa uamuzi, maana padri aliutaka siku hiyohiyo. Alisema kitabu kina mauaji ya mtu mmoja, uongo mwingi, na hakuna uasherati. Aliposema neno hilo sote tulitazama sakafu. Akakohoa, akaendelea. Binti wa kitabu anawaheshimu wakubwa hata pale wasipostahili. Mwuaji anaadhibiwa. Mtu asiye na hatia anateswa kwa sababu ni mgeni, na mwandishi hafurahii jambo hilo. Kitabu kinafaa kwa vijana, na kwa wazazi wao pia.

Nilikitenganisha kitabu katika vipande, kila sura chache nikazishona kwa uzi, ili wengi wasome kwa wakati mmoja. Sijaona tena shule kama ile. Aliyekuwa na kipande cha tatu aliwindwa mpaka nyumbani na aliyemaliza cha pili. Wavulana wawili walipigana juu ya dresa. Mmoja ambaye alikuwa hawezi kusoma sentensi bila kuweka kidole alisoma sura nzima juu ya ukuta wa kisima, na mbuzi wake wakala mihogo ya katekista. Nimesikia watu wakisema hadithi za mauaji zinawaharibu vijana. Mimi niliona vijana wanaoanza kuuliza umejuaje, na nani alikuambia, na yeye alikuwapo? Kwa mwalimu ni usumbufu mkubwa. Hata hivyo ningekipendekeza kesho.

Binti wa mwuza vitenge alikuwa wa mwisho kurudisha kipande chake. Alingoja wenzake watoke.

"Mwalimu, baba hakuwa kwa mama ule."

Nikamwuliza amejuaje.

"Asubuhi ile suruali yake ililowa mupaka magoti. Kwa mama ule hakuna mto."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna." Alipanga karatasi vizuri, akasawazisha kingo zake. "Yule binti wa kitabu iko na akili, lakini alikosea kitu moja. Kila kitu alijua, alisema. Njo maana walitaka kumuua."

Nilimwambia aende nyumbani.

Vitenge vilivyoibwa vilionekana baadaye vikiuzwa Kasese, na aliyeviuza alikuwa shemeji wa mwenye duka. Polisi hawakurudi kumwomba mtu yeyote msamaha, ingawa koplo alianza kununua samaki kwa mjane na kumlipa papo hapo, jambo ambalo hakumfanyia mwuzaji mwingine. Kwa akina mama wa parokia habari ya shemeji haikubadilisha kitu. Wao hawakuwa wamemvua uongozi kwa wizi.

Mwuza vitenge alikaa miezi kadhaa. Kisha Jumapili moja alivaa koti, akachagua kitenge kizuri kuliko vyote, akaenda nyumbani kwa mjane mchana kweupe, kila mtu akiona. Mjane mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Ameniambia watu wameshatuoza, imebaki tu sisi kwenda kanisani."

"Ukasemaje?"

"Nikakataa."

"Ni mtu mzuri."

"Mzuri sana." Alikuwa anawageuza samaki juani, mmoja mmoja. "Mwalimu, mimi nilisema uongo mara moja, kumtoa ndani. Nikiolewa na yeye, itakuwa nilisema kweli. Wale wanawake watakuwa na haki. Siwezi."

"Na kitenge?"

"Kitenge nimechukua. Hiyo haina kosa."

Alikivaa Krismasi. Mwuza vitenge alimwona kutoka upande wa wanaume, akatazama juu, kwenye dari, misa nzima.

Miaka ya sabini ilipoingia, mto ulianza kulindwa na askari wa jeshi badala ya polisi. Hawa hawakuuliza mtu alikuwa wapi. Mwuza vitenge alipigwa mara mbili njiani, ya pili vibaya, na alipopona akaamua kurudi Butembo. Binti yake alikuwa amebakiza muda mfupi wa masomo ya sekondari. Siku ya kuondoka alikuja nyumbani kwangu kuaga, akasema ametafuta mahali pa kumwacha mtoto. Nikasema anaweza kukaa kwangu. Akasema aksanti, Mademwazeli, lakini mtoto ameshachagua mwenyewe, na amekwishahamisha godoro.

Jioni nilipita kwa mjane. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele, na mjane anamwambia kwamba hivyo sivyo mchele unavyochambuliwa. Wanawake wawili wa chama walikuwa wanapita barabarani wakitoka kwenye rozari. Walisimama, wakamtazama mtoto, wakamtazama mjane.

"Unaona?" mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha.

"Naona," mjane akawajibu kutoka ndani, akamsogezea mtoto ungo wa pili.